Baba Akawa Dada

Hotuba kwa wazazi wa watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa shule ya awali) hadi Gredi ya 3, Kaloleni, Nairobi

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi shosho, nyanya zetu, mliokuja kwa niaba ya wanaofanya kazi hata Jumamosi, hamjambo? Asanteni. Mlioko kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Sauti yangu imeliwa na chaki miaka mingi, siwezi kushindana na honi za Jogoo Road.

Nimeombwa niwazungumzie watoto wasiotulia na watoto wanaoshindwa kusoma. Mwenyekiti amenipa dakika 30. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watoto 60, wengine wakiwa chini ya madawati, kwa hivyo mkikaa kimya namna hii mnanitia wasiwasi.

Nianze na kosa langu. Nilianza kufundisha huku Eastlands mwaka wa 1993. Darasani mwangu alikuwemo kijana mmoja wa miaka minane. Nikisema nakilini kazi ubaoni, ananakili maneno mawili, anatazama dirishani, anachonga penseli. Siku moja aliichonga mpaka ikaisha. Ikaisha kabisa, mimi nikimwangalia. Daftari lilipofika mezani kwangu lilikuwa na mstari mmoja na tundu la kifutio. Nikamchapa. Kesho yake nikamchapa tena. Tulienda hivyo mwaka mzima, na mwaka ulipokwisha kulikuwa na jambo moja tu alilolijua kuwapita wenzake wote: kunyoosha kiganja kabla hajaambiwa. Kuandika, alibaki palepale. Fundi wa redio akiipiga redio makofi mwaka mzima na isilie, wateja watamkimbia. Mimi nilipandishwa cheo.

Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia hapohapo. Ningependa kuwaambia kwamba niliacha kwa kuitii sheria. Ukweli ni kwamba kiboko changu kilihamia nyuma ya kabati, kikaendelea na kazi. Niliacha siku nilipogundua kwamba kitinda mimba wangu ni yule kijana wa penseli.

Ilikuwa jioni, yuko darasa la kwanza, tumeketi na kitabu chenye picha. Picha ni ya mwanamume amevaa koti, chini yake pameandikwa "Baba anaenda kazini." Akasoma, "Dada anaenda kazini." Nikasema angalia tena. "Dada anaenda kazini." Tukafungua ukurasa. Pale pameandikwa "Baba ana ndevu." Akasoma polepole, kidole kikitetemeka, "Da-da a-na nde-vu." Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mama, huyu dada ni mgonjwa?"

Baba yake alicheka hadi machozi. Mtoto naye akacheka. Kesho yake alisoma vilevile darasani, watoto 50 wakacheka, na safari hii yeye hakucheka. Toka siku hiyo tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi yenye kipindi cha kusoma. Mtu asiwadanganye kwamba maumivu hayo ni ya uongo. Nilimshika tumbo, lilikuwa gumu kama ubao.

Hebu niwatulize walioshtuka. Mtoto wa PP2 au Gredi ya 1 kuchanganya b na d ni kawaida. Viti, vikombe na viatu ukivigeuza hubaki vilevile. Herufi ndiyo kitu cha kwanza duniani ambacho mtoto anaambiwa kikitazama upande mwingine kinakuwa kitu kingine. Wengi hulizoea jambo hilo kufikia miaka saba au minane. Wa kuangaliwa ni yule anayebaki nyuma wenzake wakishavuka, ambaye neno alilolisoma mstari wa juu ni geni kwake mstari wa chini, na ambaye ukimsomea wewe kwa sauti anaelewa yote na kukuuliza maswali yanayokushinda.

Huyo huenda ana kile kinachoitwa disleksia. Haikuanzia Nairobi wala haikuletwa na simu. Mwaka wa 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mwerevu, na mwalimu wake alisema kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo tu, huyo ndiye angewapita wote shuleni. Lakini alipoandika jina lake mwenyewe aliandika Precy, asione kosa. Miaka sita baadaye, 1902, daktari mwingine wa London, George Still, akawahutubia madaktari wenzake kuhusu watoto wasioweza kutulia wala kushikilia jambo moja, ilhali akili zao ni timamu. Hao wa Still leo tunawaita kwa herufi nne, ADHD. Duniani ni takriban watoto 5 katika kila 100. Piga hesabu na darasa langu la 60: kila mwaka nilikuwa nao kama watatu. Nimefundisha miaka 27. Siwezi kuimaliza hesabu hiyo usiku nikalala.

Mambo haya mawili mara nyingi huja pamoja katika mtoto mmoja, kama wangu. Nayo hufuata ukoo, kama urefu. Ndiyo maana baba fulani akiitwa shuleni husema, "Lakini hata mimi nilikuwa hivyo," akidhani anatoa udhuru, kumbe ametupa habari muhimu kuliko zote.

Majina tunayowapa mnayajua. Bongolala. Kichwa maji. Mtukutu. Kuna waliosema wangu ana mashetani. Na katika chumba cha walimu nilitupiwa methali mbili: Samaki mkunje angali mbichi, na Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sina ugomvi na wahenga. Ila waliotunga ile ya samaki walikuwa wavuvi, wakimjua samaki. Nendeni sokoni Gikomba mkamnunue mbichi, mjaribu kumkunja kwa hasira, muone mgongo unavyokatika.

Sasa, kabla hujampa mtoto wako jina lolote, hata hilo la daktari, anza na masikio. Mtoto mwenye mafua ya kila mwezi anaweza kukaa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na akawa anasikia kama aliyezibwa pamba. Simama nyuma yake akicheza, hatua tatu hivi, umwite kwa sauti ya chini. Kama hakusikia "njoo uoshe vyombo" lakini amesikia "pipi", yawezekana masikio ni mazima. Kama hakusikia hata pipi, mpeleke apimwe. Kisha macho. Kisha usingizi, maana nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, televisheni ikizimwa saa tano usiku naye ndiyo kwanza analala, na saa kumi na moja asubuhi anaamshwa kuwahi matatu. Mtoto mdogo mwenye usingizi hasinzii kama mtu mzima. Anarukaruka.

Njaa pia. Tangu Dishi na County ianze mwaka wa 2023, mtoto wa shule ya umma hapa Nairobi anakula chakula cha mchana kwa shilingi 5 akiwa na bangili yake mkononi, na walimu watakuambia jinsi mchana ulivyobadilika. Kuna pia kifafa kisichoangusha mtu: mtoto anaganda sekunde chache, macho yametoka nje ya dunia, halafu anaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu, na jambo hilo likamrudia mara nyingi kwa siku. Mwalimu anaandika "anaota mchana." Hicho kina dawa yake, tena mapema. Na wale wanaoishi karibu na jalala la Dandora, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, lilitoa matokeo mwaka wa 2007 kwamba nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiasi. Risasi huharibu umakini wa mtoto. Nayo imo kwenye betri kuukuu za magari, kwa hivyo betri hizo si kitu cha kuchezea.

Ukishayaondoa hayo, ndipo uulize lile swali la madaktari. Hali hii imedumu miezi 6 au zaidi? Iko nyumbani na shuleni kote? Kama nyumbani ni malaika na shuleni ni moto, kachunguze darasa kwanza.

Nisije nikasahau wasichana. Wavulana wanaonekana kwa sababu wanavunja viti. Msichana mwenye tatizo hilihili mara nyingi hukaa kando ya dirisha, mpole, hasumbui mtu, na hakimwingii kitu kichwani tangu asubuhi. Ripoti yake inasema "ana tabia nzuri." Mama mwenye ripoti ya namna hiyo na alama za chini, usiridhike na hiyo tabia nzuri.

Tuje nyumbani. Siku moja niliingia kutoka kazini, nikaanza: "Vua sare, weka viatu chini ya kitanda, nawa mikono, lete daftari, na usisahau kumwambia dada yako azime jiko." Mambo matano. Baada ya dakika kumi nikamkuta chumbani amevaa kiatu kimoja, anamtazama mjusi ukutani kwa heshima kubwa. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikajiuliza kama alikataa amri au amri zilimwagika njiani. Watoto hawa hubeba maneno kwenye kikapu kidogo. Ukiwatilia matano, yanabaki moja, na si lazima liwe lile ulilotaka wewe.

Kwa hivyo acha kuamrisha kutoka jikoni. Nenda alipo. Inama macho yenu yalingane, mguse bega, mwambie jambo moja. "Vua viatu." Mwambie akurudishie kwa mdomo wake. Subiri. Akimaliza, mpe la pili. Najua mnasema hamna muda huo. Nilipima. Kuinama kulinichukua muda mfupi kuliko kupiga kelele, na ugali haukuungua.

Kazi ya shule nayo ilikuwa vita. Ukurasa wenye hesabu 20 akiufungua tu, unamwona mabega yanaanguka. Sasa angalieni hii. Inueni shingo mlioko nyuma. Hili ni boksi la majani ya chai, nimekata upande mmoja, nikatoboa dirisha refu jembamba katikati. Ukiliweka juu ya ukurasa, mtoto anaona mstari mmoja tu. Hesabu zile 20 zipo, lakini hazimtazami. Akimaliza mstari, anateremsha dirisha mwenyewe. Kwenye kusoma ni hivyo hivyo, macho hayarukii mstari wa tatu. Kifaa hiki hakikunigharimu hata ndururu, na ndicho kilichorudisha amani kwangu kuliko kitu chochote nilichokinunua. Nilinunua vingi, pamoja na dawa ya maji ya "kufungua ubongo" kutoka kwa muuzaji wa kwenye matatu. Ilikuwa tamu, basi.

Tulifanya kazi dakika 10 kwa kengele ya simu. Ikilia, tunasimama hata kama sentensi haijaisha, anachukua mtungi wa lita tano, anaenda bombani, anarudi nao umejaa. Kisha dakika 10 nyingine. Mwili wake ulihitaji kubeba kitu kizito ili kichwa kitulie, na mimi nilihitaji maji. Wako wanaomnyima mtoto kama huyu mapumziko au michezo kwa sababu hakumaliza kazi. Mwalimu mwenzangu, ukifanya hivyo utayalipia wewe mwenyewe kipindi kinachofuata.

Na malipo yawe karibu. "Ukifanya vizuri muhula huu nitakununulia baiskeli Desemba." Kwa mtoto huyu Desemba ni nchi ya kigeni. Mimi niliweka glasi mezani na maharagwe. Kila mstari uliokwisha, harage moja linaanguka, na alipenda ule mlio wa kulia kwenye glasi. Maharagwe 10, anachagua tutakula nini au anatoka kucheza mpira. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Siaya, akatazama siku mbili, akasema, "Mwanangu, unamhonga mtoto." Nikamwambia, "Mama, na mimi mwisho wa mwezi wananihonga." Alicheka, lakini hakukubali. Siku ya nne nilimkuta yeye ndiye anayeangusha maharagwe, na alikuwa anampunja.

Kuhusu kusoma, nina maoni ambayo walimu wengine hapa hawatayapenda. Mtoto anayehangaika aanzie kwa Kiswahili. Mtaala wenyewe unasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na hapa Nairobi lugha hiyo ni Kiswahili, ila wazazi tunataka Kiingereza tangu PP1 ili jirani asikie. Kiingereza kina herufi zinazoandikwa zisisomwe, na herufi ileile ina sauti moja leo na nyingine kesho. Kwetu a ni a kutoka Lamu hadi Kigoma. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, ameshika mtambo. Angalizo moja tu: kwa sababu Kiswahili kinasomeka kwa urahisi, mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma kila neno sawasawa ila polepole mno, kama anayevuta mkokoteni kupanda Ngara, na tukamwita mzembe. Kusoma polepole hivyo ndiyo dalili yenyewe.

Okoteni visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, kwenye kioski. Andika silabi moja kwa kila kisoda kwa kalamu nene: ba, da, ka, ti, bu. Mwekee sakafuni. Ka, ba, ti: kabati. Ondoa ti, weka ka la pili mbele: ka-ka-ba. Si neno, ni kichekesho, na akicheka amesikia kwamba neno hukatika. Hapo ndipo palipo na shida yao, masikio hayakati neno vipande. Mnakumbuka kinyume, ule mchezo wa watu wa pwani wa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni, kitabu ikawa bukita? Vijana wetu wa Eastlands wanafanya vivyo hivyo kwa Sheng, stori wakaigeuza risto, nasi tukawagombeza kwamba wanaharibu lugha. Kumbe wanafanya zoezi ambalo wataalamu wa kusoma wangelifurahia. Mchezeni mkiwa kwenye matatu, hauhitaji kitabu. Kwa b na d, nilimwandikia wangu neno "baba" na neno "dada" kwenye mlango wa chumba, kila neno na picha ya mtu wake, na kwa miezi kadhaa alikuwa anakimbia kwenda kuangalia mlango katikati ya sentensi. Nilimwacha akimbie.

Mkiona mmejaribu na bado, nendeni mkamfanyie mtoto tathmini. Nchi hii ina vituo vya serikali vya kutathmini watoto tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, iko hapa Kasarani. Mwulize mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha eneo lenu. Beba daftari za muhula huu na uliopita vilevile zilivyo, na matundu yake ya kifutio. Beba kadi ya kliniki. Usimfundishe mtoto majibu usiku uliotangulia, maana niliwahi kufanya hivyo, tukapoteza siku nzima.

Dawa zipo kwa ADHD, na zinawasaidia watoto wengi. Lakini chini ya miaka sita madaktari huanza na mzazi: mzazi afundishwe namna ya kuamrisha, kusifu na kupanga siku. Akishaandikiwa dawa, aandikiwe na daktari bingwa na afuatiliwe. Msigawane vidonge na jirani. Na sukari haisababishi utukutu, jambo hilo limechunguzwa, kwa hivyo mwachieni mtoto chai yake. Meno ni habari nyingine.

Huyo wa kwangu sasa ana miaka 26, anatengeneza majokofu. Hasomi vitabu. Hunitumia ujumbe wa sauti, na funguo za nyumba amezipoteza mara mbili tangu Januari. Yule wa penseli sijamwona tena. Lakini kwenye matatu, mwanamume wa umri wake akiunyoosha mkono kumpa utingo nauli, kiganja juu, mimi hugeuka nikatazama nje.

Basi. Mikasi sita iko mezani pale mlangoni, na mama wa kibanda cha chai ametukusanyia maboksi wiki nzima. Pimeni mstari wa kitabu cha mtoto wako kabla hujakata. Maandishi ya Gredi ya 1 ni makubwa, dirisha liwe pana zaidi. Kalamu za kuandikia visoda ni nne tu, mpokezane. Shosho mwenye kitambaa cha kijani, wewe njoo kwanza, nimeona umebeba kitabu.